Uzito wa Usukani

Mama Vipuri aliketi juu ya kreti tupu la soda, hatua mbili kutoka kwenye gari, akaitazama mikono ya Sajini. Uso wake hakuutazama. Miaka kumi na minne ya kuuza vipuri ilikuwa imemfundisha kwamba fundi anaweza kuutuma uso wake useme lolote, lakini mikono iliyoshika spana haina nafasi ya kudanganya.

Gari lilikuwa la milimani, la zamani, lenye ekseli nzima ya chuma mbele, ile inayotoka gurudumu la kushoto hadi la kulia bila kukatika. Ubavu wake mmoja ulikuwa umechubuka hadi kwenye bati. Wiki tatu zilizopita mumewe, dereva ambaye mji mzima ulimwita Kona, alikuwa akimteremsha mama yake mzazi kutoka shambani. Wakapita kwenye shimo moja tu, tena dogo. Magurudumu ya mbele yakaanza kutetemeka kama mtu aliyeshikwa na homa, usukani ukamponyoka Kona mikononi, gari likalala mtaroni. Kona akavunjika mguu. Mama yake akavunjika mtulinga, mfupa wa begani.

Sasa, ekseli hiyo ilikuwa imetengenezwa upya siku hamsini tu kabla ya ajali. Na aliyeitengeneza hakuwa mtu baki. Alikuwa mdogo wake Mama Vipuri, wa tumbo moja, fundi mwenye maneno machache kiasi kwamba wateja walimbatiza jina la Kimya.

Mama mkwe, ambaye kiwanja cha gereji kilikuwa chake, alitoa kauli akiwa bado amelazwa. Gari lifunguliwe na fundi asiye ndugu wa mtu. Jumamosi watu wa pande zote mbili wakutane pale pale gereji. Ikionekana Kimya alilipua kazi, afungashe vyombo vyake siku hiyo hiyo na asikanyage tena pale, wala nyumbani kwa dada yake. Kimya alikuwa amefanya kazi katika kiwanja kile kwa miaka tisa. Wazazi wao walikwisha kufariki. Akiondoka kwa aibu ya namna hiyo, Mama Vipuri alijua, hatarudi hata kwa kubembelezwa, naye atakuwa amebaki bila ndugu.

Ndiyo maana alifunga duka lake tangu Jumatano asubuhi, akaja kukaa juu ya kreti.

Sajini alikuwa fundi mstaafu wa karakana ya jeshi, mwenye kipara na miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliinua gari kwa jeki, akalikalisha juu ya vigingi vinne vya chuma, akalisukuma kwa bega kuhakikisha halichezi. Kisha akageuka.

"Mama, hata mke wangu hanitazami hivi," alisema. "Ukiendelea, nitakosea nati."

Mama Vipuri akamjibu kwamba mkewe hana cha kupoteza hapa.

Moyoni alikuwa na sababu zake. Gereji ya Sajini, upande wa pili wa mji, haikuwa na paa. Mvua ikinyesha alifanya kazi chini ya turubai. Kiwanja cha mama mkwe kilikuwa na banda, sakafu ya saruji na lango. Kimya akifukuzwa, nani atahamia? Tena mtu anayefungua gari peke yake anaweza kukuta anachotaka kukikuta.

Lakini ukweli ni kwamba hakumwogopa Sajini kama alivyomwogopa mdogo wake. Seti nzima ya beringi za ekseli ile ilitoka dukani kwake mwenyewe, na Kimya ndiye aliyeichukua. Na mchezo wa mafundi aliujua. Fundi anapewa beringi mpya, anairudisha ya zamani garini ikiwa imepakwa grisi nzito, ile mpya anaiuza kwingine. Mara ngapi watu walikuwa wamemletea beringi mpya za aina hiyo dukani, zimefungwa kwenye gazeti, wakimwambia zilibaki? Kimya hakuwahi. Lakini Kimya alikuwa na mambo mangapi ambayo hakuyasema?

Sajini alifungua upande wa kushoto kwanza. Akatoa gurudumu, breki na habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu, kisha akafikia kiungo chenyewe, lile tufe kubwa la chuma lililo mwisho wa ekseli, ambalo gurudumu hugeukia hapo dereva akikata usukani. Kiungo hicho hushikwa na beringi mbili, moja juu na moja chini. Kati ya beringi na kifuniko chake huwekwa sahani nyembamba kuliko ukucha, ambazo mafundi huziita shimu. Ukizidisha shimu, kiungo kinalegea. Ukizipunguza, kinabana.

Kabla hajakilegeza, Sajini alitoa mizani ya ndoano, ile ya kupimia nyama, aliyoazima buchani. Akainasa kwenye ncha ya mkono wa kiungo, akavuta taratibu hadi chuma kilipoanza kugeuka, akasoma namba, akaiandika kwa chaki sakafuni. Ndani, grisi ilikuwa safi. Pini za viungo vya usukani zilikuwa mpya, ncha zake zimekunjwa sawasawa, kila moja kwa mkunjo ule ule.

"Aliyefanya huku hakuwa na haraka," alisema Sajini.

Mama Vipuri akashusha pumzi. Kisha akajiuliza. Mbona anamsifu mwenzake? Labda anamnenepesha kabla ya kumchinja.

Mchana Sajini alikwenda kula. Mama Vipuri hakwenda. Alitoa kwenye mkoba wake kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, akatia tone moja juu ya kila nati ya upande wa kulia, pale nati inapokutana na chuma. Atakayeifungua atavunja rangi. Alipomaliza alitazama huku na huku kama mwizi, akavuka banda hadi kwenye sanduku la Kimya.

Kimya alikuwa amekatazwa kulisogelea gari, kwa hiyo siku hizo alifanya kazi pembeni kwenye springi za lori la mawe. Saa ile hakuwepo. Mama Vipuri akafungua sanduku. Spana zilipangwa kwa ukubwa. Kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa, patasi mbili, na pakiti ya shimu za chuma, nusu imetumika, yenye mhuri wa duka lake. Beringi hakuna. Akafunga, akageuka, na mdogo wake alikuwa amesimama nyuma yake na chupa ya maji mkononi.

"Umepata, dada?"

"Sikupata."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

Angeweza kudanganya. Lakini alikuwa mtu wa sala, na asubuhi ile alikuwa ameomba ukweli, akaona haya kuuanza yeye kwa uongo. "Beringi mpya," alisema.

Kimya aliifikiria kauli hiyo kama mtu anayepima bolti kwa jicho. "Sanduku halina kufuli," alisema. "Tafuta mpaka uridhike." Akampa kisogo, akarudi kwenye springi zake.

Aibu ilimpanda dada mtu hadi masikioni. Lakini aibu ni kitu kimoja na shaka ni kitu kingine, na ya kwanza haikuifukuza ya pili. Mwizi wa beringi, alijiambia, hawezi kuwa bado nazo baada ya siku zote hizo.

Jioni, nyumbani, Kona alikuwa ameulaza mguu wake wenye plasta juu ya stuli. Aliuliza wamefikia wapi. Akamweleza upande wa kushoto, jinsi ulivyokuwa safi. Kona akaitikia kwa kichwa, akasikiliza kidogo redio, kisha akauliza, "Na kulia? Wameshafungua kulia?"

Bado, akamwambia. Kesho.

Akakoga, akamsaidia mumewe kuhamia kitandani, wakazungumza habari za watoto na ada ya mtihani. Kona akauliza tena kama Sajini ni mtu wa kuaminika, na kama kulikuwa na haja ya kufungua kulia ikiwa kushoto pako sawa. Ni maumivu, Mama Vipuri alijiambia. Mtu mwenye maumivu huuliza jambo mara mbili. Akapiga magoti upande wake wa kitanda, akamwomba Mungu amwonyeshe ukweli.

Alhamisi asubuhi matone yote ya rangi yalikuwa mazima. Sajini aliyaona, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mmezipaka nati rangi ya kucha," alisema. "Zinaolewa lini?"

Mama Vipuri alicheka bila kutaka. Angalau mtu mmoja alikuwa ametoka kwenye orodha yake. Kilichomo ndani, Sajini hakukiweka yeye.

Kilichomo ndani hakikuhitaji macho ya fundi. Sajini alipong'oa kifuniko cha chini, ulimwagika uji mweusi wa oili na grisi, na ndani ya uji huo zikadondoka, moja baada ya nyingine, goroli ndefu za beringi iliyopasuka. Zikabingirika sakafuni hadi kwenye viatu vya Mama Vipuri. Akainama, akaokota kipande cha duara la nje, akakifuta kwa upindo wa kanga yake. Namba ilikuwa ya dukani kwake. Na karibu na namba, alipokigeuza kwenye mwanga, kulikuwa na mkwaruzo mdogo wa sindano ambao yeye huweka kwenye kila beringi kabla haijatoka dukani, ili mtu asije akamrudishia mali ya mwingine.

Kimya alikuwa ameweka mpya. Hakuiba.

Furaha yake haikudumu hata dakika tano. Sajini alikuwa amehamia kwenye kifuniko cha juu, akizitoa shimu kwa ncha ya kisu na kuzipanga juu ya gazeti. Akasita katikati ya kazi. "Njoo uone," alisema.

Kati ya shimu mbili za chuma kulikuwa na kipande cha bati. Kilikuwa kimekatwa kwa mkasi, upande mmoja una rangi ya buluu, na matundu yake manne ya bolti yalikuwa yametobolewa kwa msumari, kila tundu na kingo zake zilizochanika. Sajini akamweleza taratibu, kama anayemfundisha kuruta. Bati hili limezidisha nafasi. Nafasi imelegeza kiungo. Kila shimo la barabarani limekuwa likiigonga beringi kama nyundo, siku baada ya siku, hadi ikapasuka, na ilipopasuka gurudumu likawa halina anayelishika.

"Hiki ndicho kilichomvunja mumeo mguu," alisema.

Mama Vipuri akamuuliza ni kazi ya nani.

"Mimi niliitwa kufungua. Nani, hilo muulize Mungu au mwenye mkono wake."

Mama Vipuri alikwenda moja kwa moja kwa Kimya, kipande cha bati kikiwa katikati ya vidole viwili. Kimya alijifuta mikono kabla ya kukipokea. Alikishika kwa kingo. Aliyatazama matundu muda mrefu, na dada yake akamtazama yeye, na akaona kitu kikipita usoni pake ambacho alikijua tangu utotoni. Ulikuwa ule uso wa siku alizoamua kuchapwa kuliko kumtaja mtu.

"Siyo yangu."

"Ni ya nani?"

Akamrudishia. "Siyo yangu, dada," alisema, akaingia chini ya lori.

Mama Vipuri alibaki anatazama soli za viatu vyake. Kichwani maneno yalikuwa yanapigana. Kimya alikuwa na nusu pakiti ya shimu halali. Fundi mwenye shimu za chuma atakataje bati? Lakini huenda ndiyo sababu nusu pakiti ilibaki: alibania chuma, akatia bati. Na kama si yake, mbona hasemi ya nani? Mtu asiye na hatia hupiga kelele. Hivyo ndivyo alivyofikiri, na papo hapo akakumbuka kwamba mdogo wake hajawahi kupiga kelele kwa jambo lolote, hata siku mama yao alipozikwa.

Jioni ile alimuuliza mumewe swali moja tu, akiwa anamkunjia nguo. Alimuuliza kama aliwahi kuligusa gurudumu la kulia baada ya Kimya kulikabidhi gari.

"Mimi dereva, mama watoto," alisema Kona, akiwa amegeukia redio. "Fundi ni ndugu yako."

Jibu lilikuwa zuri. Kasoro yake ni kwamba hakuwa amejibu.

Usiku huo sala ilimshinda. Alianza kuomba ukweli, akajikuta anaomba awe ni Kimya, kwa kuwa mume mtu analala naye na kula naye. Akajikemea, akaanza upya, akajikuta anaomba awe ni Kona, kwa kuwa ndugu hana wa kumbadilisha. Hapo akaogopa. Akasimama kabla hajasema amina, maana hakujua angeisema kwa ombi lipi.

Ijumaa ilikuwa siku ya kujenga. Sajini aliosha kila chuma kwa dizeli hadi kiking'aa, akapiga beringi mpya mahali pake kwa kipande cha bomba, akabadilisha sili za kuzuia oili isitoke ndani ya ekseli na kuchanganyika na grisi, akafunga vichwa vipya vya tairodi, vile vinavyounganisha gurudumu na gurudumu. Mama Vipuri alimpokeza vitu, maana alichoka kukaa. Kiungo cha kulia kilipofungwa, Sajini aliinasa mizani akavuta. Kilo mbili. Akatikisa kichwa, akafungua, akatoa shimu moja, akafunga tena, akavuta. Kilo nne na nusu.

"Sasa," alisema.

Mama Vipuri akajaribu kukigeuza kiungo kwa mkono. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani, akauliza kama ndivyo kinavyotakiwa.

"Ndivyo. Na subiri umsikie mwenye gari," alisema Sajini, akilamba grisi kidoleni kwa kusahau na kutema. "Hawa watu huendesha gari lililochoka miaka sita, usukani umelegea kama shati la kuazima. Ukiwatengenezea, wanakuja juu. Umeniharibia gari, limekuwa zito. Jeshini tulikuwa na kapteni mmoja, kila tukimbania, yeye usiku analegeza."

Spana ilikuwa mkononi mwa Mama Vipuri. Aliiweka chini polepole. Akauliza ule upande wa kushoto, kabla haujafunguliwa, mizani ilisoma ngapi.

Sajini akaonyesha chaki sakafuni. Nne na nusu.

Basi Kimya alilikabidhi gari likiwa zito, kama kitabu kinavyotaka. Na kama ni hivyo, aliyelegeza kulia alikuwa mtu ambaye uzito huo ulimkera. Akamwomba Sajini jambo moja: kesho, kabla hajalishusha gari kwenye vigingi, Kona aukate usukani kwanza, mbele ya watu.

Sajini alimtazama juu ya miwani. "Unamtega mumeo?"

"Nataka kujua yupi kati yao ninayemdhania bure," alisema.

Jumamosi, saa nne asubuhi, viti viliwekwa ndani ya banda. Mama mkwe aliketi katikati, mkono wake umefungwa shingoni kwa kitambaa cheupe, mgongo umenyooka. Kona alikuja kwa magongo. Kimya alisimama karibu na lori, amevaa shati safi, na sanduku lake la spana, Mama Vipuri aliliona, lilikuwa tayari limefungwa kamba.

Sajini alitoa taarifa yake kama aliyesimama gwaride. Kushoto, kazi nzuri. Kulia, beringi ilikuwa mpya, pini zilikuwa sawa, lakini palikuwa na bati. Akaliweka juu ya gazeti mbele ya mama mkwe, ambaye hakuligusa.

"Nani hutia bati kwenye gari kama si fundi?" aliuliza mama mkwe, na swali halikuwa la Sajini. "Kijana, una la kusema?"

"Siyo yangu, mama."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Mama mkwe alivuta pumzi, na kila mtu alijua neno linalokuja. Mama Vipuri akapiga moyo konde, akasimama, akasema kwa heshima kwamba kabla mama hajakata neno, gari limekamilika na halijashushwa, na mwenye kuliendesha yupo. Aukate usukani, ajue kama kazi ya Sajini inamfaa. Mama mkwe alinung'unika kwamba hawakuja kununua gari, lakini alimruhusu mwanawe.

Wakamsaidia Kona kupanda. Mguu wa plasta ukabaki nje ya mlango. Akashika usukani kwa mikono miwili, akaukata kulia, akaukata kushoto. Magurudumu yakageuka hewani pamoja. Uso wake ukakunjana.

"Sajini, na wewe umebana."

Sajini akamjibu kwamba amefunga kwa kipimo.

"Kipimo gani? Huu mzito. Nitapandaje nao mlima?" Akaukata tena, kwa hasira kidogo. "Ni yale yale aliyoniachia shemeji."

Mama Vipuri alikuwa amejiandaa kusema, maneno alikuwa ameyapanga tangu alfajiri, lakini mdomo ulikataa. Kisha sauti ikatoka mahali ambapo hakuitarajia.

"Usukani aliokuachia shemeji yako ulikuwa mzito hivi?" aliuliza mama mkwe.

"Hivi hivi, mama. Wiki nzima mabega yaliniuma."

"Wiki nzima," mama yake alirudia. Alikuwa anaiangalia mikono ya mwanawe juu ya usukani. "Siku ile uliendesha kwa kidole kimoja. Mkono mwingine ulikuwa nje ya dirisha, unanionyesha ghorofa ya yule jirani. Nikakuambia shika vizuri, ukacheka. Ukasema gari limelainika."

Kona hakuiondoa mikono. Aliitazama, mmoja kisha mwingine, kama ya mtu mwingine. Alipoanza kusema, alisema akiangalia kioo cha mbele. Baada ya kukabidhiwa gari alidhani shemeji yake amelibana makusudi, ili awe anarudi gereji kila wiki kubembeleza lilegezwe. Alikuja hapa kumuuliza, akamkuta chini ya lori. Akamuuliza mbona usukani ni mzito. Kimya akajibu neno moja: utazoea. Hakutoa hata kichwa. Basi naye akaona amedharauliwa. Siku moja, mkewe akiwa dukani, akainua gari mwenyewe, akakata bati, akaliweka. Usukani ukawa mwepesi kama zamani. Hakumwambia mtu, kwa kuwa mtu mzima haombi ruhusa kugusa gari lake. Na alipozinduka hospitali, mama yake alikuwa amekwisha kumtaja Kimya.

"Nikaliacha lilivyo," alisema Kona. "Kila siku nilisema nitasema kesho. Nimekuvunja, mama. Nilishindwa kukuambia kwamba ni mimi."

Mama mkwe aliutazama mkono wake uliofungwa, kisha sanduku lenye kamba, kisha Kimya. Alikuwa mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akiomba radhi, na siku ile pia haikuwa rahisi kwake. Alisema kwamba yeye alitamka mengi hospitali. Akasema sanduku lile lifunguliwe kamba, na aliyesikia alisikia kwamba ni ombi.

Kona akageuza shingo. "Nisamehe, shemeji."

Kimya hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Ungedhani atarudi chini ya lori. Badala yake alikuja hadi kwenye gari, akachuchumaa karibu na gurudumu la kulia, akaweka kiganja juu ya kiungo.

"Uliniuliza," alisema, "nikakujibu vibaya. Ngoja nikujibu sasa."

Akaanza kueleza. Alieleza kwamba usukani mzito ni mkono wa beringi ulioshikilia gurudumu, na ule wepesi aliouzoea Kona ulikuwa gurudumu lisiloshikwa. Alieleza shimu, na kilo nne na nusu, na kwa nini beringi mpya hubana wiki mbili tatu halafu hukaa. Alimwambia Sajini alete mizani, akaonyesha. Alisema maneno mengi kuliko yale dada yake aliyowahi kuyasikia kwake mwaka mzima, akiyatafuta moja moja, akirudi nyuma pale alipoona hayakueleweka. Sajini alisikiliza kama mwanafunzi. Kona aliuliza mara mbili, na mara zote mbili akajibiwa.

Mama Vipuri alisogea akasimama karibu na mdogo wake. Alikuwa na neno lake la kumwambia, la sanduku na la sala zile mbili, na alijua halitakuwa jepesi, na kwamba hatalisema mbele za watu. Kwa sasa alimshikia tochi.

Maelezo yalipokwisha mama mkwe alisimama. Akaenda hadi kwenye mlango wa gari, akapenyeza mkono wake usioumia mbele ya kifua cha mwanawe, akashika usukani na kuuvuta. Ulikuja kidogo. Akauvuta tena kwa nguvu.

"Mzito," alisema.

"Ndiyo, mama," alisema Kimya. "Hapo ndipo penyewe."